Ku wa Kane Si Jumanne

Mji wa Mwandiga huamka mapema, na Verediana huamka kabla ya Mwandiga. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Kwa miaka ishirini na mitano alikuwa akitengeneza mawese. Ukitaka mawese mekundu, mazito, yasiyo na maji, ungeambiwa nenda kwa Mama Julius, ndiye huyo Verediana. Hata wale wabishi wa pale stendi, wanaobishia kila kitu mpaka jua, kwa hilo walinyamaza.

Mawese ni kazi ya macho. Chikichi huchemshwa kwenye pipa, hukamuliwa, kisha mafuta hurudishwa jikoni ili maji yaishe. Hapo ndipo fundi hujulikana. Ukiyaepua mapema, yana maji na yataharibika. Ukichelewa, yanaungua. Dawa ni kutazama povu. Povu likiisha na mafuta yakatulia, unaepua.

Shida ni kwamba Verediana hakuliona povu.

Ilianza kama ukungu. Kwanza alisema ni moshi, akabadilisha kuni. Ukungu ukabaki. Akasema ni umri, akanunua miwani ya sokoni. Ukungu ukabaki pale pale, sasa nyuma ya miwani. Jicho la kulia likafunga, likawa linaona mwanga tu. La kushoto nalo likaanza kufuata. Siku moja alimsalimia mbuzi wa jirani na kumwuliza habari za nyumbani. Watu walicheka, na yeye akacheka nao. Alipoingia ndani alilia.

Kisha akaja Jovita, mchuuzi wa Gungu, mteja wake wa miaka mingi. Alikuja na dumu mkononi.

"Mama Julius, sikutaka kukuambia," alisema Jovita. "Haya mafuta yana maji. Yamenirukia usoni yakiwa kwenye kikaango."

"Hayawezi kuwa yangu."

"Ni yako, mama. Nimenunua hapa hapa juzi."

Verediana aliyanusa mafuta, lile dumu likiwa wazi, akajua ni kweli. Aibu ilimshika mpaka masikioni. Alimpa Jovita dumu jingine, lakini Jovita aliondoka bila ule utani wao wa siku zote. Wiki hiyo hiyo Verediana aliweka kiganja kwenye ukingo wa pipa la moto akidhani ni ukuta. Mumewe, Bonifasi, alimfunga mkono kwa kitambaa.

"Mke wangu, hii kazi acha," Bonifasi alisema.

"Nikiiacha nitakuwa nani?" aliuliza Verediana. Bonifasi alikaza fundo la kitambaa.

Ijumaa, gari la matangazo lilipita barabarani. Liliwaita wenye shida ya macho waende ofisi ya kata, wapimwe bure. Verediana alikwenda. Pale alimkuta muuguzi wa macho, binti mrefu aitwaye Sia, mzaliwa wa Moshi, aliyehamishiwa Kigoma kikazi. Sia alimwashia tochi ndogo machoni. Akatazama la kulia, akatazama la kushoto.

"Mama, una mtoto wa jicho," Sia alisema.

Verediana alishtuka. "Ndiyo nimekuwa kipofu?"

"Hapana. Nisikilize vizuri. Ndani ya jicho kuna lenzi. Ni kama kioo cha dirisha. Mtu akizeeka, kioo hicho huingia ukungu. Hakuna kitambaa cha kukipangusa, kwa sababu kiko ndani. Daktari anakitoa, anaweka kingine safi."

"Anatoa jicho?"

"Jicho halitoki mahali pake, mama. Inatoka lenzi tu. Unachomwa ganzi, husikii maumivu. Dakika ishirini au thelathini, umemaliza. Kesho yake tunafungua bandeji."

"Na matone? Wifi yangu aliniambia kuna majani ya kukamulia."

"Matone hayaondoi mtoto wa jicho. Na majani usithubutu. Nimeona watu walioingia na mtoto wa jicho, ambaye anatibika, wakatoka na kidonda cha jicho, ambacho wakati mwingine hakitibiki."

Sia alieleza kwamba madaktari bingwa wa macho wangekuja hospitali ya mjini kwa siku tatu. Siku ya kwanza ilikuwa ya watoto. Siku ya pili ilikuwa ya watu wazima wa upande wa Mwandiga. Siku ya tatu ni kufungua bandeji na kuondoka. Wasingerudi mpaka mwaka ujao.

"Nikingoja mwaka ujao?" aliuliza Verediana.

"La kulia limekomaa sana. Likizidi, linaweza kuvimba na kuleta presha ndani ya jicho. Hapo hata daktari anaweza kushindwa. Usingoje, mama."

Alimwandikia kadi. Verediana hakuweza kuisoma, kwa hiyo Sia alimsomea. "Jumanne, tarehe kumi na tatu, saa moja asubuhi."

Verediana alikuwa ameshaanza kutabasamu. Aliposikia Jumanne, tabasamu likamfia mdomoni.

Sasa ni lazima nikuambie habari ya Jumanne katika ukoo wa Bonifasi. Mtu wa ukoo ule haendi hospitali Jumanne. Hata kama anaumwa, hata kama analia. Jumatatu sawa, Jumatano sawa, siku nyingine zote sawa. Jumanne ni mkosi. Verediana alizaliwa Ujiji, katika nyumba ya Kiswahili kitupu. Kiha, lugha ya ukoo wa mumewe, alikijua cha kusalimia tu. Alipoolewa alikabidhiwa mwiko huo pamoja na vyungu, na hakuuliza. Bi harusi gani anaanza na maswali?

Mlinzi mkuu wa mwiko alikuwa Diana, dada yake Bonifasi. Alikaa nyumba ya pili, pamoja na mama yao mzee, Bibi Esther. Diana alikuwa na moyo mkubwa na sauti kubwa zaidi. Siku Verediana alipoungua mkono, ni Diana aliyepika katika nyumba zote mbili. Kwa hiyo usimchukie. Jioni ile alipoisikia kadi, aliweka chini kikombe cha chai.

"Wifi, hapana," alisema. "Siku nyingine yoyote nitakubeba mgongoni. Jumanne hapana."

"Madaktari wanapasua siku hiyo moja tu, wifi."

"Mama alisema kwa mdomo wake mwenyewe. Alisema ku wa kane mtu asipelekwe kwa muganga, yaani kwa daktari. Nilikuwa darasa la pili, nakumbuka mpaka leo. Ku wa kane ni siku ya nne. Nne ni Jumanne, ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Mimi ndiye niliyewaambia wadogo zangu wote kwa Kiswahili."

"Labda yalikuwa mambo ya zamani."

"Zamani?" Sauti ya Diana ilishuka. "Na Wilfred je?"

Wilfred alikuwa mdogo wao wa mwisho. Miaka tisa iliyopita alikuwa akiishi kwa Diana. Jumanne moja alfajiri alishikwa na maumivu ya ngiri. Walimweka ndani siku nzima, kwa sababu ilikuwa Jumanne. Jumatano asubuhi walimkimbiza hospitali. Jumatano jioni alifariki.

"Jumanne ilimshika," Diana alisema. "Ikamshika siku yake, na Jumatano madaktari wakashindwa kumtoa. Wewe unataka tukupeleke huko huko?"

Julius, mtoto wa Verediana, alikuwa fundi simu pale stendi. Alikuwa na miaka ishirini na minne na alijiona amesoma dunia yote kwenye kioo cha simu.

"Shangazi, hizo Jumanne ni imani za kizamani," alisema. Diana alimkazia macho. "Lakini mama, mimi naogopa ile tarehe. Kumi na tatu ni namba mbaya dunia nzima. Nimeona kwenye simu. Kuna hoteli hazina hata chumba cha kumi na tatu."

"Umeona?" Diana alisema. "Hata simu yako inasema."

Bonifasi alikuna kidevu. Alikuwa mtu mpole, na watu wapole husumbuka sana nyumba inapogawanyika. Mwisho alisema, "Mama Julius, nenda ukamwombe yule nesi akubadilishie siku. Akikataa, basi. Tutangoja mwaka ujao."

Verediana aliinama. Mwaka ujao. Alitazama taa ukutani, akaona duara la ukungu tu.

Jumatatu, Julius alimpeleka hospitali kwa pikipiki. Walimkuta Sia akipanga mafaili. Verediana alimweleza yote, tena bila kuficha. Alimweleza Jumanne, alimweleza Wilfred. Julius akaongeza habari ya kumi na tatu.

Sia hakucheka. Aliwavutia viti.

"Tuanze na wewe, kaka," alimwambia Julius. "Umesema kumi na tatu ni mbaya dunia nzima. Wanaoogopa sana ni Waingereza na jirani zao. Wengine husema ni kwa sababu walikaa watu kumi na watatu kwenye karamu ya mwisho ya Yesu. Wengine wana maelezo mengine. Hakuna mwenye uhakika. Na hao wakiiunganisha na siku, wanaogopa Ijumaa tarehe kumi na tatu. Wahispania wanaogopa Jumanne tarehe kumi na tatu."

"Si unaona," Julius alisema. "Jumanne hiyo."

"Ngoja. Waitaliano wengi hawaijali kumi na tatu. Wao wanaogopa kumi na saba. Wachina wengi wanaogopa nne. Unajua kwa nini? Katika lugha yao, neno la nne linakaribia kufanana na neno la kufa. Ni sauti tu. Sasa nieleze. Kama namba ina ubaya wake ndani yake, mbona inabadilika ukivuka mpaka? Malaria haibadiliki. Iko hapa ni malaria, iko Uchina ni malaria."

Julius aliitazama simu yake, akairudisha mfukoni.

"Kwetu pia tuna yetu," Sia aliendelea. "Bibi yangu alikataza kufagia nyumba usiku. Alisema unafukuza baraka. Nilipokua nikafikiri. Zamani ni kibatari tu. Ukifagia gizani, unafagia na sindano, unafagia na hereni. Nadhani mtu wa kwanza alikuwa na sababu. Watoto wake wakashika katazo, wakaangusha sababu."

"Na Wilfred?" Verediana aliuliza kwa sauti ndogo. "Shemeji yangu alikufa, nesi. Hilo si neno la kwenye simu."

Sia alisogeza kiti chake karibu. "Pole sana, mama. Nitakuambia ukweli, ingawa unauma. Ngiri ikijinyonga, utumbo unakosa damu. Mgonjwa hatakiwi kungoja hata saa chache. Anatakiwa kupasuliwa haraka. Shemeji yako alingoja siku nzima na usiku wake. Jumanne haikumshika. Kilichomshika ni kungoja."

Verediana alifuta uso kwa ncha ya khanga. Alikuwa amelijua hilo, mahali fulani ndani ya moyo, kwa miaka tisa.

Sia alitaka kumchangamsha. "Msinione mjanja. Na mimi siku zimenipiga chenga. Nilipofika hapa nilianza kujifunza Kiha kwenye daftari. Mwezi wa kwanza nikaenda kijiji kimoja cha mpakani. Nilitaka wazee warudi Jumanne kuchukua dawa. Nikataka kujionyesha. Nilikuwa nimejifunza kwamba kane ni nne, basi nikawaambia, 'Mrudi ku wa kane.' Wakaitikia wote. Jumanne nikakaa pale mpaka saa nane mchana, peke yangu na kuku. Hakuja hata mmoja. Alhamisi wakajaa, mimi sipo. Mzee mmoja akanipigia simu. 'Wewe nesi, ulisema ku wa kane. Mbona umetudanganya?'"

Julius alicheka mpaka akashika mbavu. Verediana naye alicheka. Kisha akaacha kucheka ghafla.

"Kwa nini walikuja Alhamisi?" aliuliza.

"Kwa sababu ku wa kane ni Alhamisi, mama. Kiswahili kinaanza kuhesabu Jumamosi. Mosi, pili, tatu, nne, tano. Kwa hiyo ya nne inaangukia Jumanne. Wale wazee wanaanza kuhesabu Jumatatu. Ku wa mbere ni Jumatatu. Ku wa kabiri ni Jumanne. Ku wa gatatu ni Jumatano. Ku wa kane, Alhamisi."

Verediana alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake.

"Julius, washa pikipiki," alisema. "Twende kwa bibi yako."

Walimkuta Bibi Esther amekaa kwenye mkeka kibarazani, anapukuchua maharage kwa kupapasa. Naye macho yake yalikuwa yamefunga ukungu zamani, lakini hakuna aliyethubutu kumtajia hospitali. Alikuwa na miaka themanini na mitano na ulimi mkali kuliko wa kijana. Diana alikuwa karibu akiosha vyombo. Verediana alimwita yeye na Bonifasi.

Alipiga magoti. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema hivyo? Nani amekufa?"

"Hakuna, Mama. Nina swali. Ile siku uliyokataza watu kupelekwa hospitali, ni siku gani?"

"Ku wa kane," alijibu Bibi Esther bila kufikiri.

"Umesikia?" Diana alisema. "Jumanne."

"Naomba Mama anihesabie," Verediana alisema. "Leo ni Jumatatu. Kwa hesabu yako, leo ni siku ya ngapi?"

Bibi Esther aligeuza uso kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Si jana tumetoka kanisani? Leo ni ku wa mbere. Kwani nyinyi shuleni mlifundishwa nini?"

Alichukua harage moja, akaliweka kwenye mkeka. "Hii leo, ku wa mbere." Akaweka la pili. "Kesho, ku wa kabiri." La tatu. "Kesho kutwa, ku wa gatatu." La nne aliligonga kwa kidole. "Halafu ndiyo ku wa kane."

Diana alihesabu maharage. Akahesabu tena. Sufuria ilimponyoka mkononi.

"Hiyo ni Alhamisi," alisema. "Mama, hiyo ni Alhamisi."

"Nyinyi mnaiita mnavyotaka. Mimi niliisema kwa jina lake."

"Lakini sisi tulisema Jumanne mbele yako miaka yote, Mama," Bonifasi alisema.

"Na mimi nilidhani Jumanne ndiyo Kiswahili chake. Si ina nne?"

Basi hapo ukaona ajabu. Ukoo mzima ulikuwa umeogopa Jumanne zaidi ya miaka arobaini. Na Alhamisi, ile iliyokatazwa, walikuwa wakienda hospitali kila walipotaka.

"Julius nilimzaa Alhamisi," Verediana alisema. "Hospitali. Kilo tatu na nusu. Huyo hapo, anakula kuliko baba yake."

Bonifasi alimsogelea mama yake. "Mama, kwa nini uliikataza siku hiyo?"

Mikono ya Bibi Esther iliacha maharage. Alieleza polepole. Wakati ule walikaa kijiji cha ziwani, upande wa kaskazini, karibu na mpaka. Palikuwa na zahanati moja na muganga mmoja. Kila ku wa kane muganga alipanda mtumbwi kwenda mjini kuchukua dawa. Yeye Esther alikuwa bado mgeni, hakujua. Mtoto wake wa kwanza, Nikodemu, alipata homa kali. Akambeba mgongoni, akapanda kilima, akateremka kilima. Alikuta kufuli mlangoni. Nikodemu alifia njiani wakati wa kurudi.

"Ndipo nikaanza kumwambia kila mtu. Ku wa kane msipeleke mgonjwa. Muganga hayupo. Sikusema siku ni mbaya. Siku ina kosa gani? Nilisema hayupo."

Diana alikaa chini kwenye mkeka. Machozi yalimtoka bila sauti, yeye mwenye sauti kuliko wote. "Mama, Wilfred tulimweka ndani Jumanne nzima. Wewe ulikuwa bado kijijini. Tulidhani tunakutii."

Bibi Esther alinyoosha mkono akapapasa mpaka akampata bintiye, akamshika kichwa.

"Mlinitii bila kuniuliza," alisema. "Na mimi sikuwaeleza. Tumekosa wote. Sasa nisikilizeni. Kuanzia leo, mtu akiwaambia msifanye jambo, muulizeni kwa nini. Hata akiwa mimi. Hata nikikasirika."

Bonifasi alitikisa kichwa. "Nilipokuwa kijana nilivua dagaa Kibirizi," alisema. "Siku za mbalamwezi hatukuingia ziwani. Mgeni mmoja akasema mwezi wetu una mkosi. Tulimcheka wiki nzima. Dagaa hufuata taa, na mwezi ukiwaka taa zetu hazionekani kitu, ndiyo maana tulipumzika. Kumbe yule mgeni ni mimi." Alimgeukia mkewe. "Mama Julius, kesho Jumanne utakwenda."

"Na mimi nakwenda naye," Diana alisema, akifuta uso.

Jumanne tarehe kumi na tatu walifika hospitali saa moja kasoro. Diana alikuwa na rozari mkononi. Alisema si kwa sababu ya siku, ni kwa sababu ya kisu. Verediana mwenyewe aliogopa, na asiyeogopa kisu karibu na jicho ni mwongo. Lakini alipoitwa jina, aliinuka mara moja.

Walimtia matone, wakamchoma ganzi, wakamfunika uso kwa kitambaa kijani. Hakusikia maumivu. Alisikia maji ya baridi, mkono mwepesi wa daktari, na sauti ikimwambia atulie. Kabla hajamaliza kusali Baba Yetu na Salamu Maria mara kumi, aliambiwa, "Tayari, mama." Wakamfunga bandeji jicho la kulia, na akalala wodini pamoja na wagonjwa wengine thelathini.

Jumatano asubuhi walikaa kwenye benchi refu. Sia alipita akifungua bandeji, mmoja baada ya mwingine. Mwisho wa benchi mzee mmoja alianza kuimba. Verediana alikunja ngumi mapajani.

"Funga macho," Sia alisema. Bandeji ikatoka. Akamfuta polepole. "Sasa fungua taratibu."

Kwanza ulikuja mwanga, mwingi mno. Kisha ukuta, wenye rangi ya bluu chini na nyeupe juu. Verediana aliona mstari uliozigawa. Aliona kucha za Sia. Aliona kishikizo cha koti lake kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Aligeuka, akamwona mwanamke amesimama ameshika rozari, nywele zote nyeupe mbele, anatetemeka midomo. Alimtazama vizuri, tena vizuri zaidi.

"Wifi," alisema. "Umezeeka."

Benchi zima lilicheka. Diana alicheka na kulia kwa pamoja, mpaka muuguzi mwingine akamletea maji. "Ngoja nikuletee kioo," alimjibu. "Tuone nani atalia."

Sia alimpa masharti. Asifikiche jicho. Atie matone kila siku kama alivyoandikiwa, na anawe mikono kwanza. Asibebe mizigo mizito. Asikae kwenye moshi wala vumbi kwa wiki kadhaa. Jicho likiuma, likiwa jekundu sana au likianza kupoteza nuru, arudi haraka, bila kungoja tarehe. La kushoto lingefanyiwa upasuaji madaktari watakaporudi.

Verediana alishika masharti yote. Wiki zile Bonifasi na Julius walichemsha mawese wenyewe. Pipa la kwanza waliliunguza. La pili lilikuwa na maji. Verediana alikaa mbali na moshi, akawaelekeza kwa mkono kama refa, na akafurahi kupita kiasi. Alipopona alirudi jikoni. Aliliona povu likianza, likipungua, likiisha. Aliepua mafuta mekundu kama alivyoyajua. Jovita wa Gungu alichukua madumu mawili, akayafungua pale pale, akatazama, akaanza tena utani wake.

Na Diana? Usimwambie mtu siri ukitaka ibaki siri, lakini ukitaka jambo lienee Mwandiga, mwambie Diana. Alizunguka nyumba hadi nyumba. Mwenye jicho lenye ukungu alimtoa ndani. Aliyesema anangoja mwezi uandame aliulizwa kwa nini. Aliyesema hapandi gari lenye namba fulani aliulizwa kwa nini. Aliyekosa jibu alipelekwa. Miezi miwili haikuisha, alikuwa amempelekea Sia watu kumi na tisa. Wanne walikutwa na presha ya macho mapema, wakaanzishiwa dawa kabla haijawaharibu.

Mtu wa ishirini alikuwa mama yake mwenyewe. Kliniki ya macho mjini huwa Alhamisi. Hakuna aliyemsukuma. Aliamka mwenyewe, akavaa gauni lake la kanisani, akasema yuko tayari. Sia alimmulika macho yote mawili. Yalikuwa na mtoto wa jicho, lakini nyuma yake kulikuwa bado na uhai. Alimwambia kwamba safari hii asingengoja wageni, kwa kuwa daktari mwingine wa macho alikuwa amehamia kanda na angefika mwezi huo huo. Akachukua kadi na kalamu.

Verediana alikaa kando yake, akitazama kalamu ikiandika. Alijiandaa kumsomea mama mkwe wake siku na tarehe.

Bibi Esther hakuuliza siku. Hakuuliza tarehe. Aliinua uso wake kuelekea sauti ya Sia.

"Nesi," alisema, "nataka kujua jambo moja tu. Siku hiyo, muganga atakuwepo?"

"Atakuwepo, Bibi," Sia alisema.

"Basi andika."